Udongo Uliopelekwa Maabara

Watu wa mradi walifika shambani kwa Zipora siku ya Jumanne, mwezi wa saba ukielekea mwisho. Mabua ya mahindi yalikuwa bado yamelala chini kama alivyoyaacha baada ya kuvuna, na mbaazi zilikuwa zimesimama katikati yake. Ritha, binti aliyekuwa akiwatembelea wakulima wa kijiji kile kwa miaka mitatu, alishuka wa kwanza kwenye gari. Nyuma yake walishuka wataalamu wawili kutoka Dar es Salaam, wakaanza kushusha vyuma.

"Shikamoo mama," Ritha alisema.

"Marahaba. Karibuni. Leo mmekuja na mzigo."

"Leo tunapima chini zaidi, mama. Mpaka mita moja. Wanaonunua kaboni wanataka uhakika kabla ya malipo ya mwaka huu."

Zipora alikuwa anajua habari za kupimwa. Mwaka wa kwanza walichimba kwa koleo, kina cha kiganja na nusu, wakajaza vimfuko vidogo na kuondoka kwa pikipiki bila mtu kugeuza shingo. Safari hii walikuja na chombo kama keekee ya seremala, ila urefu wake ulimfika mtu kifuani, na injini yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ilisikika mpaka barabara ya Katoro.

Mradi wenyewe aliuelewa kwa namna yake. Mkulima anaacha kulima kwa plau, anapanda kwenye vishimo vidogo, anaacha mabua yaoze hapohapo na kupanda mikunde katikati. Ardhi inakuwa nyeusi, inashika maji, na ule weusi ndio kaboni, ambayo viwanda vya nchi za mbali vinalipa pesa ili ibaki ardhini isipande angani. Sharti lilikuwa kutogeuza udongo kwa miaka kumi. Wakulima arobaini wa kijiji walisaini. Malipo mawili yalikuwa yameshaingia kwenye simu, na bati za nyumba ya Zipora zilitokana na hayo.

Lakini hata bila bati angefanya. Alizaliwa Kishapu, kwenye mashamba ya pamba, na aliona kwa macho yake shamba la baba yake likigeuka gumu kama sakafu, mvua ikinyesha na kuteleza juu yake kwenda zake. Familia ilihama kwa sababu ya udongo. Yeye na mumewe Masalu walipopata ekari sita huku upande wa Geita, aliapa moyoni kwamba hizi hazitamfia mikononi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na akipitisha vidole kwenye udongo wake alikuta minyoo.

Wataalamu walitoboa mashimo kumi na mawili. Kila udongo uliotoka waliutia kwenye mfuko wenye namba, wakaufunga, wakaupanga ndani ya sanduku jeupe la plastiki kama watu wanaopanga mayai. Shimo la saba liliwasumbua. Keekee iligonga jiwe, wakasogea hatua moja, ikagonga tena, wakasogea tena. Mtaalamu mmoja aliokota kipande cha jiwe lile, akakifuta vumbi, akakiangalia juani, akakitupa.

Nkwabi, jirani yao wa upande wa chini, alikuwa amesimama njiani ameegemea baiskeli. Alikiona kile kipande kikiangaliwa juani. Kutupwa kwake hakukuona, au hakukujali.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Zipora kwa Kisukuma gari lilipoondoka.

"Mwadila."

"Wale, huo udongo wanaupeleka wapi?"

"Maabara. Wanapima kaboni."

"Wewe uliiona hiyo kaboni?"

"Ni huu weusi. Mabua yakioza."

Nkwabi alitazama njia gari lilikopita. "Watu watoke Dar na gari la namna ile, na mashine ile, waje kupima mabua yaliyooza." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesaidia hesabu ngumu, halafu akapanda baiskeli akaenda Katoro.

Kwenye nchi ile hakuna mtu anayebeba udongo bure. Kila mtu ana ndugu aliyewahi kuingia duarani, hilo ndilo jina la mashimo ya wachimbaji, na kila mtu anajua kwamba makampuni huanza hivyohivyo: gari jeupe, keekee, mifuko yenye namba, kisha kimya, kisha uzio. Siku mbili baadaye Zipora alikwenda gulioni Katoro kuuza kunde, na mwanamke muuza dagaa aliyemfahamu miaka mingi akamwambia kwa sauti ya chini, "Mkianza kulipwa fidia usitusahau, Mama Esta."

"Fidia ya nini?"

Mwanamke yule alitabasamu tu, akamwongezea dagaa.

Siku iliyofuata walikuja wanaume wanne asubuhi, wakapiga hodi kwa adabu. Aliyekuwa akiwasemea aliitwa Selestine, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya vumbi, aliyekuwa amechimba kuanzia Kahama mpaka Chunya. Aliomba wakubaliane mapema na mwenye shamba kabla mambo hayajawa makubwa. Zipora aliwakaribisha wakae. Aliwaeleza habari ya mabua, ya mvua, ya viwanda vya mbali. Aliingia ndani akaleta mkataba wa mradi, Selestine akausoma wote taratibu.

"Mama," alisema akimrudishia kwa mikono miwili, "humu wameandika usichimbe kwa miaka kumi."

"Ndiyo."

"Na wanakulipa ili usichimbe."

"Ndiyo, kwa sababu ya kaboni."

Wanaume wanne walitazamana. Hakuna aliyecheka. Zipora aliona kwenye nyuso zao kwamba kila neno alilolitoa lilikuwa limewathibitishia jambo jingine, na hakujua arudi nyuma vipi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, Masalu alikula ugali wake. Alikuwa mpole, mtu wa kufuga, aliyeukubali mradi kwa sababu mkewe aliutaka. Alipomaliza alinawa mikono.

"Mama Esta, mimi ni mume wako."

"Najua."

"Niambie walichokiona."

Zipora aliweka bakuli chini. "Baba Esta, na wewe?"

"Watu wote wananiuliza, mimi sina jibu. Nkwabi ananiambia mke wangu anajua, mimi nafugishwa ng'ombe."

"Hakuna walichokiona. Walipima udongo. Ritha alikueleza mwenyewe, umekaa hapo kwenye kigoda."

"Alinieleza," Masalu alisema. "Lakini yule ni mfanyakazi. Anasema alivyoambiwa aseme."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Zipora. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini, na kwa mara ya kwanza aliona mumewe anamtazama kama anavyomtazama mnunuzi wa ng'ombe.

Jumamosi alfajiri alisikia sururu. Alidhani ni mafundi wa barabara. Alipotoka alikuta watu kama ishirini shambani, wameshaufukua mstari mzima kuzunguka lile shimo la saba. Kufika saa tatu walikuwa mia mbili. Pikipiki zilishusha watu watatu watatu, na akina mama wa chakula walikuwa wameshapanga mafiga chini ya mbaazi. Mabua aliyoyatunza kwa misimu mitatu yalikuwa ndiyo kuni.

Alikimbia mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, Edson, akamkuta anavaa viatu.

"Nimeshasikia, Mama Esta."

"Watoe."

"Mimi na nani?" Edson aliuliza. Alikuwa mtu mwaminifu, na hilo lilikuwa swali la kweli. "Mgambo ninao wawili. Mmoja nimeambiwa yuko hukohuko anachimba. Nimepiga simu wilayani, watakuja."

Walikwenda pamoja. Edson alipanda juu ya kichuguu akasema watu watawanyike. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea. Zipora akampigia Ritha, akaweka simu kwenye sauti kubwa, akainyanyua juu. Sauti ya binti yule ilitoka nyembamba katikati ya vumbi: hakuna dhahabu, ndugu zangu, tunapima kaboni tu, nawaomba mlinde shamba la mama, anazo karatasi zote.

Selestine, aliyekuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, akajifuta uso.

"Mmesikia anavyoomba," aliwaambia wenzake. "Mtu hawezi kuomba hivyo kwa ajili ya mabua."

Sururu zikarudi kazini. Zipora alibaki ameshika simu juu, Ritha akiita, "Mama? Mama, upo?"

Hapo ndipo alipokwenda kukaa. Alipita katikati yao mpaka kwenye sehemu ambayo bado haijaguswa, akakaa chini na miguu ameinyoosha, mkataba mapajani. Hakupiga kelele. Wachimbaji walimzunguka kwa uangalifu, wakichimba pande tatu, mpaka wanawake wawili wa chakula wakaja wakamshika mikono. Mmoja alikuwa wa umri wa Esta, binti yake aliyeolewa Geita mjini.

"Njoo huku kivulini, mama. Hapa watakuumiza bila kutaka."

"Hili ni shamba langu."

"Tunajua, mama. Njoo unywe chai."

Kama wangemvuta angepigana nao. Lakini walimshika vizuri, kama watu wanaomtoa mfiwa kaburini, akainuka akaenda nao. Alikunywa chai iliyochemshwa kwa mabua yake. Ilikuwa na tangawizi. Alipogeuka, pale alipokuwa amekaa pameshachimbwa.

Maofisa walikuja Jumatatu na polisi watatu. Walisimamisha kazi nusu siku ili wapime. Huenda ingeishia hapo, lakini mchana ule kijana mmoja aliosha karai la udongo mtoni, na chini ya karai vikabaki vichembe viwili vinavyong'aa, vidogo kuliko chembe za sukari. Mzee yeyote wa pale angemwambia kwamba ukiosha karai popote karibu na Geita, hata uani kwako, hukosi vumbi la dhahabu. Hakuna mzee aliyeulizwa. Karai lilipita mkono kwa mkono, na lilipofika kwa maofisa kulikuwa na watu zaidi ya elfu nyuma yake.

Ofisa mkubwa alimwita Zipora pembeni, akazungumza naye kwa upole. Madini ni mali ya taifa, alisema, popote yalipo, hata chini ya kitanda chako. Watu hawa hawezi kuwaondoa kwa nguvu bila damu kumwagika. Anachoweza ni kuweka utaratibu: msimamizi, daftari, na sehemu ya mwenye shamba katika kila mfuko wa mawe utakaotoka.

"Mimi sitaki mifuko," Zipora alisema. "Nataka waondoke."

"Nakuelewa, mama. Mwenye shamba ni nani kwenye karatasi?"

Karatasi ya kununulia ardhi, ya miaka ishirini na mbili iliyopita, ilikuwa na jina la Masalu. Ofisa akamwita. Masalu alikuja amevaa shati lake la kanisani. Zipora alimwambia kwa Kisukuma, polepole, mbele ya wote, kwamba akisaini mradi umekufa, na shamba limekufa.

Masalu alitazama umati wa watu waliokuwa wakimsubiri. "Wakichimba bila mimi kusaini, shamba litapona?" alimuuliza.

Masalu akasaini.

Rashi ile, kama wachimbaji wanavyoita mkurupuko wa dhahabu, ilidumu siku kumi na sita. Ekari tatu na nusu zilifukuliwa kabisa, na zilizobaki zilikanyagwa na kuwa kama uwanja. Udongo mweusi ulitupwa chini, na juu yake ukaja mwekundu wa kina, halafu mweupe wenye kokoto. Zipora alipita asubuhi na jioni kwenda kisimani na kurudi. Wachimbaji walimsalimia kila siku. "Shikamoo mama." Aliwaitikia, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kila alipoitikia alijihisi kama anayetoa ruhusa.

Masalu naye alichukua sururu. Alipewa duara lake palepale kwenye shimo la saba, kwa heshima ya mwenye shamba. Ng'ombe sasa walikuwa wanachungwa na Zipora. Mifuko ya kwanza ya Masalu ilipelekwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, wakaisaga, wakaosha, na kilichopatikana hakikulipa hata gharama ya kusaga. Walimwambia mwamba mzuri uko chini zaidi. Kila mtu kule ndani aliambiwa hivyo.

Kisha siku moja simu zikaanza kulia shimoni. Dhahabu ilikuwa imetoka ng'ambo ya Ushirombo, safari hii ya kuonekana kwa macho. Watu walianza kufunga mizigo mchana uleule, na kesho yake jioni hapakuwa na mtu. Selestine alipita nyumbani kuaga. Alisimama mlangoni na kiroba chake begani.

"Mama, nisamehe. Huu udongo ni mzuri," alisema. "Nimechimba sehemu nyingi, sijaona mizizi inashuka vile."

Zipora alimtazama mpaka akaondoka.

Masalu hakuacha. Wenzake wote walipohama, yeye alishuka duarani asubuhi iliyofuata kama kawaida, na Nkwabi akaenda kumsaidia. Wiki moja baadaye Nkwabi naye alichoka, akarudi kwenye mihogo yake. Aliomba radhi kwa Zipora njiani, akiwa ameshuka kwenye baiskeli na kuvua kofia. Zipora alimwambia yameshapita. Alisema hivyo ili aondoke.

Ritha alikuja mwezi wa tisa mwishoni, kwa pikipiki, bila wataalamu. Alisimama ukingoni mwa shamba kwa muda mrefu na kofia yake ngumu mkononi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Zipora ndiye aliyelazimika kumshika bega.

"Majibu yametoka," Ritha alisema. Alitoa karatasi. "Shamba lako liliongoza, mama. Kati ya yote arobaini. Weusi ulikuwa umeshuka kupita nusu mita. Maabara walidhani wamekosea, wakapima tena."

Zipora aliitazama karatasi, tarakimu zilizopangwa kwenye safu, namba moja mpaka kumi na mbili.

"Na sasa?"

"Nimeandika barua tatu. Wanasema udongo ukishageuzwa, kaboni imeshapotea. Hawawezi kuuza kisichokuwepo. Wamelitoa shamba lako kwenye orodha. Na wenzako kumi na tisa wamekataa kupimwa. Wanasema keekee isikanyage kwao. Wengine wameshalima kwa plau, makusudi, ili sisi tusiwe na sababu ya kuja. Sijui kama mradi utabaki kijijini hapa."

Masalu alikuwa ametoka shimoni aliposikia pikipiki. Alisogea taratibu, amejaa vumbi jeupe kuanzia nywele mpaka miguu. Alikuwa amekonda. Ritha alimwamkia, naye akaitikia, kisha akaomba aione karatasi. Aliishika mbali na macho, akaifuata kwa kidole mpaka mstari wa saba.

"Na dhahabu hawakuandika?"

"Hawakupima dhahabu, baba."

"Hawakupima."

"Hapana. Kaboni tu."

Masalu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Basi hawajui," alisema. Alimrudishia karatasi, akawashukuru, akarudi alikotoka. Walimtazama akishika mti wa mlangoni mwa duara na kupotea ndani, kwanza miguu, kisha mabega.

"Mama, ana muda gani hivyo?" Ritha aliuliza.

"Tangu wenzake waondoke."

"Hujamwambia aache?"

Zipora alifikiria amjibu nini binti yule. Alikuwa amemwambia kwa maneno mazuri na kwa maneno mabaya. Alimwita mchungaji, akaja, wakasali. Alimwita Esta kutoka Geita, akaja, akalia, akaondoka. Kila aliyemwambia hakuna kitu mle ndani, Masalu alimsikiliza na kumkubalia. Lakini kama hakuna kitu, basi alikuwa amesaini bure mbele ya watu elfu moja, na hilo ndilo asiloweza kupanda nalo juu.

"Nimemwambia," alisema.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki iliyofuata. Zamani, siku kama ile Zipora angekuwa shambani na mbegu kwenye kibuyu, akitazama maji yanavyozama bila kutiririka. Sasa yalitiririka mekundu kati ya vilima vya kokoto na kuingia kwenye mashimo. Alijitupia kanga kichwani akaenda mpaka ukingoni mwa duara la mumewe.

"Baba Esta, panda. Kuta zitalegea."

"Ndoo mbili tu," sauti ilijibu kutoka chini. "Nimefika kwenye mwamba laini."

"Panda, nakuomba."

"Mbili tu, mama. Nkwabi hayupo. Nani atanivutia?"

Hapakuwa na mwingine. Kama angeondoka, Masalu angejaribu kupanda na ndoo mgongoni, kwenye ukuta ulioloa, na hakuna ambaye angejua akianguka. Zipora aliivua kanga kichwani, akaifunga kiunoni. Akaikita miguu kwenye tope, akaishika kamba kwa mikono miwili na kuvuta. Ndoo ilipofika juu aliimwaga pembeni, udongo ukaanguka na kusambaa na maji, naye akaishusha tena.

"Nyingine," Masalu alisema kutoka chini.

Akavuta.